Kinga masikio za kielektroniki kwa shabaha na kuwinda, niangalie nini kabla ya kununua?

Mlengaji_Mpya

Wakuu habari za muda huu. Naomba mnisaidie maana nimesoma matangazo ya hivi vitu mpaka kichwa kinauma. Nina shotgani ya geji 12 na raifo ya .308, napiga shabaha mara kwa mara na msimu wa kuwinda ukifunguliwa naingia porini na wenzangu, vibali vyote vipo. Sasa hivi natumia zile sponji za kuchomeka sikioni, kelele zinazuia kweli lakini ukishazivaa umeshakuwa kiziwi, uwanjani msimamizi anapiga kelele "acha kupiga" mi naona tu watu wote wameshusha bunduki ndo nashtuka, na porini ndo balaa zaidi, huwezi kuwinda huku husikii hata kijiti kinavunjika. Kwa hiyo nataka hizi za elektroniki zinazokusikilizisha sauti ndogo halafu zinakata mlio mkubwa.

Kinachonichanganya, sponji yangu ya bei chee imeandikwa NRR 33 (ile namba ya kiasi cha kelele kinachopunguzwa), halafu limashine lenye maiki na betri limeandikwa NRR 22, inakuwaje chenye teknolojia kinga yake iwe ndogo? Pili kila kampuni inajisifia kwamba yake inakata mlio kwa milisekunde kadhaa, hii namba ina maana au ni maneno ya kuuzia? Na mwisho, nichukue vya kufunika sikio zima au vidogo vya kuchomeka? Mi navaa miwani kama hiyo inabadilisha kitu.

FundiSauti

Mkuu umeuliza vizuri, ngoja nianze na hilo la NRR maana hapo ndo wengi wanapotea.

Kwanza jua kwamba elektroniki haikukingi. Narudia, haikukingi. Kinachokukinga ni kile kikombe cha plastiki, sponji iliyo ndani yake na ule mto unaogusa ngozi kuzunguka sikio. Hivyo ndo vinazuia mlio usiingie. Maiki iko nje inasikiliza, inapeleka sauti kwenye spika ndogo ndani ya kikombe, na kazi ya ile saketi ni kuhakikisha hiyo spika haikupigii zaidi ya kiwango fulani, nyingi ni desibeli 82 au 85. Basi. Ndo maana hata betri ikifa bado umekingwa vilevile, umepoteza kusikia tu. Na ndo maana NRR ya 22 haihusiani na ubora wa elektroniki, ni unene wa kikombe na mto wake. Sponji ikikaa sawasawa inaziba njia ya sikio yenyewe, kwa hiyo inaweza kushinda kikombe chembamba bila shida yoyote.

Hapo utaona pia jibu la milisekunde. Mlio wa bunduki unafika kileleni haraka mno, chini ya milisekunde moja, hata saketi ingekuwa na kasi gani kilele kimeshapita. Lakini haijalishi sana, kwa sababu kaspika kale kadogo hakana uwezo wa kutoa mlio wa bunduki hata kangetaka. Mlio halisi unapita kwenye plastiki na kwenye upenyo wa mto, na huko saketi haina mamlaka. Namba ya milisekunde wewe ipuuze tu.

Kitu cha kuuliza badala yake ni kwamba, baada ya mlio, saketi inafanyaje? Zile za kizamani na za rahisi rahisi zinakata sauti yote, unabaki kwenye ukimya kidogo halafu sauti inarudi. Ukiwa peke yako sawa, lakini ukiwa kwenye mstari wenye watu wengi wanapiga mfululizo inakata, inarudi, inakata, na amri za msimamizi zinapotelea humohumo. Zilizo nzuri hazikati, zinabana tu mlio mkubwa ushuke na sauti ya mtu inaendelea kusikika juu yake. Tofauti hii utaisikia siku ya kwanza tu ukizivaa.

Kingine, NRR ni kipimo cha Marekani, Ulaya wanatumia SNR, na kifaa kilekile kimoja SNR yake huwa inatoka kubwa kuliko NRR. Sasa muuzaji mmoja anakuandikia 28 mwingine 23 unadhani umepata bora kumbe ni vipimo viwili tofauti. Linganisha NRR na NRR, SNR na SNR. Na zote mbili zinapimwa maabara, mtu amevalishwa vizuri, kwa kelele isiyo kali kama bunduki. Usichukue mlio wa desibeli 160 ukatoa 22 ukasema nabaki na 138 niko salama. OSHA, wale wa usalama kazini kule Marekani, wana hesabu yao ya kazini, unatoa 7 kwenye NRR halafu unagawa kwa 2, yaani 22 inakuwa 7.5 hivi. Ile imewekwa kwa kelele za viwandani za kutwa nzima, sio bunduki, lakini inakuonyesha jinsi wataalamu wenyewe wasivyoiamini namba ya kwenye boksi. Ukikuta kifaa mtengenezaji ametoa majibu ya kupimwa kwa milio ya ghafla, ile inayofuata kanuni ya vipimo ya Marekani ANSI S12.42, wanapima kwa milio ya desibeli 132, 150 na 168, huyo msikilize zaidi.

MzeeWaPori

Mi ntasema tofauti kidogo. Nimewinda miaka mingi na sijawahi kuona mwindaji wa maana amejifunika masikio kama rubani. Porini unapiga mara moja, labda mbili, unarudi nyumbani. Uwanjani sawa vaeni maana mnapiga mamia. Lakini porini masikio ni nusu ya uwindaji, mnyama unamsikia kabla hujamwona, na unajua yuko upande gani. Hizo mashine nimewahi kuazimwa, upepo ukivuma ni kelele shiiii tu, nyasi zinakwaruza kama radi, nyayo zako mwenyewe unadhani kuna mtu anakufuata. Na mlio wa bunduki ukiwa umemlenga mnyama huusikii hata, damu imechemka.

FundiSauti

Shikamoo mzee, kuhusu upepo na nyasi uko sahihi na nitarudi hapo. Lakini hilo la "mara moja tu" na "huusikii" naomba nilipinge kwa heshima.

Kiwango kinachotumika kama mpaka wa hatari kwa milio ya ghafla ni desibeli 140. Raifo ndogo ya .22 inacheza karibu na hapo. Shotgani geji 12 inaanzia kama 150 kwenda juu, na raifo kubwa kama hiyo .308 inapita 160, ukiifunga ile breki ya mdomoni inayorudisha gesi nyuma inakaribia 170 kwa aliyeishika na kwa aliyesimama pembeni yake. Desibeli haziendi kama kilo, kila ukiongeza 10 nguvu ya sauti inazidishwa mara 10. Kwa hiyo mlio mmoja wa 165 sio kidogo hata kidogo, mtu anaweza kupata mlio wa kudumu masikioni kwa risasi moja.

Na kutousikia hakumaanishi haujaingia. Ndani ya sikio kuna kamsuli kanakokaza kupunguza kelele kubwa, ila kanachelewa, mlio wa bunduki umeshaingia na kutoka kenyewe ndo kanaanza kujikaza. Vile vinywele vya ndani ya koklea, kile kiungo cha kusikia ndani kabisa ya sikio, vikishakufa havioti tena kwa binadamu. Na vinaanza kufa vya sauti nyembamba, pale kwenye hezi 4000 hivi, kwa hiyo mtu anasema "mi nasikia vizuri tu" kwa sababu anasikia ngurumo na sauti nzito, lakini herufi s na f kwenye maneno ya watu zinampotea, na kule porini anachokosa ni hichohicho mzee unachokitetea, kijiti, jani kavu, ndege aliyeshtuka.

Jaribu kitu mzee, kama unapigia bega la kulia piga simu kwa sikio la kulia halafu hamishia la kushoto. Wanaopiga raifo kwa bega la kulia la kushoto ndo huwa limeumia zaidi, maana ndo liko karibu na mdomo wa bunduki na la kulia limekingwa na kichwa.

MzeeWaPori

Marahaba. Hilo la simu nimelifanya kabla sijamaliza kusoma. Sitasema majibu 😄

Haya endelea na habari ya upepo.

DadaShabaha

Jamani mi nasimamia mstari wa kupigia kwa hiyo naona watu wanavyovaa hivi vitu kila wikendi, ngoja niongeze ya kwangu ambayo FundiSauti hajayagusa.

Mlengaji, hilo la miwani ndo la kwanza kwako, kabla hata ya kuangalia maiki. Vishikio vya miwani vinapita chini ya mto wa kikombe na vinaacha upenyo, na sauti ni kama maji, inapita palepale penye tundu. Miwani yenye vishikio vinene vya plastiki inakula desibeli kadhaa za kinga yako bila wewe kujua. Tafuta miwani ya kulengea yenye vishikio vyembamba vilivyonyooka, na kinga uchague yenye mito ya jeli badala ya ile ya sponji ya kawaida. Jeli inajikunja kuzunguka kishikio, na kukaa nayo masaa mengi haibani kichwa. Kofia nayo hivyohivyo, ukingo wa kofia ya sufu ukiingia chini ya mto kazi imeisha, na nywele nene au suka zilizopita hapo pia.

Namna ya kujipima iko rahisi. Vaa kila kitu kama utakavyovaa siku ya kupiga, miwani, kofia, vyote, elektroniki umezima, simama mahali penye kelele ya kuendelea kama jenereta au barabarani, halafu sukumiza vikombe kichwani kwa mikono yote miwili. Kelele ikipungua unaposukuma, maana yake kabla ya kusukuma palikuwa panavuja.

La pili ni kitako cha bunduki. Hili wauzaji hawakwambii kabisa. Kikombe chenye NRR kubwa huwa kinene, na ukiweka shavu kwenye kitako cha raifo au shotgani kitako kinagonga chini ya kikombe kinakiinua, yaani kinga inafunguka sekunde ileile unayovuta kifyatulio. Kwa bastola huwezi kuliona tatizo hili. Kwa hiyo kwa raifo na shotgani kikombe chembamba kilichokatwa chini kinaweza kukukinga vizuri kuliko kinene chenye namba kubwa, kwa sababu tu kinabaki mahali pake. Howard Leight Impact Sport ya NRR 22 na Walker's Razor ya NRR 23 zimependwa sana na watu wa shotgani kwa sababu hiyo, ni nyembamba. Peltor Sport Tactical 500 ina NRR 26 ila imejaa zaidi pembeni, kuna wanaoelewana nayo kwenye raifo na kuna wasioelewana, inategemea shavu lako na kitako chako. Nenda na bunduki yako (tupu na imekaguliwa tafadhali) au hata gongo la urefu uleule ukajaribu kulenga ukiwa umeivaa.

Na kwa .308 mi binafsi siruhusu mtu wangu avae kimoja tu, hasa kwenye uwanja uliofunikwa au wa ndani ambako mlio unagonga kuta na kukurudia. Sponji ndani, kikombe cha elektroniki juu, halafu unaongeza volyumu mpaka usikie watu kupitia sponji. Hapo ndo elektroniki inalipa kwelikweli, maana ukivaa viwili vya kawaida husikii kitu kabisa.

Kijana_Tulivu

Samahani naingilia, mi nina zile iabadi za Bluetooth zenye kufuta kelele, nikizivaa kwenye ndege injini haisikiki kabisa. Siwezi kutumia hizo tu? Naona ni teknolojia ileile.

FundiSauti

Hapana kabisa mkuu. Zile zinafuta kelele ya kuendelea, ngurumo ya injini, kwa kutengeneza wimbi la kinyume chake. Mlio wa bunduki umeshaisha kabla hazijajua umeanza, na hata zikijua haziwezi kutengeneza wimbi la 160. Kinachobaki ni kampira kake tu, na hako hakajapimwa kama kinga. Kama boksi halina NRR wala SNR hiyo sio kinga, ni redio.

@Mlengaji_Mpya kujibu la vikombe au vya kuchomeka. Vidogo vya kuchomeka vya elektroniki vina raha zake porini, havigongi kitako, havigombani na miwani wala kofia, na joto halikusumbui. Na bakuli la sikio lako linabaki wazi, hilo lina maana kubwa maana ubongo unajua sauti iko mbele au nyuma kwa namna inavyogonga yale makunyanzi ya sikio la nje. Ukifunika na kikombe, kushoto na kulia utajua kama kina maiki mbili, moja kila upande, lakini mbele na nyuma unaanza kukisia. Ndo kile mzee alichokisema. Yenye maiki moja kwa pande zote usinunue kabisa kwa kuwinda.

Ubaya wa kuchomeka ni kwamba kila kitu kinategemea ncha imekaa vipi sikioni. Kwenye boksi huwa kuna saizi tatu au zaidi za ncha za mpira na za sponji, watu wengi wanatumia ile iliyokuja imefungwa tayari na hawajaribu nyingine. Masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutaka saizi tofauti, jaribu zote. Na za kuchaji zina betri ndogo, angalia inakaa masaa mangapi maana kuvizia mnyama ni kutwa.

Sasa upepo mzee wangu. Maiki isiyo na kofia ya sponji juu yake itapiga shiii, hilo halina dawa zaidi ya kuchagua yenye kifuniko cha upepo na kushusha volyumu. Kosa la wengi ni kufungua volyumu mpaka mwisho ili wasikie kama swala. Ukifanya hivyo unakuza vyote, nyasi, koti lako, tumbo lako. Weka volyumu mpaka sauti ya mwenzako iwe sawa na ukiwa hujavaa kitu, ishia hapo, ukae nayo kidogo ubongo uzoee. Na nyayo kukusumbua sio vibaya sana, yule mnyama naye anazisikia hivyohivyo 😅

MzeeWaPori

Hiyo ya mwisho umenipata. Ila bado nina moja, kuna zile plagi zisizo na betri zenye katundu kadogo katikati, zinapitisha maongezi na mlio mkubwa zinauzuia. Si hizo zinatosha? Hazina cha kuharibika.

DadaShabaha

Zipo mzee na sio uongo, katundu kale kanapitisha sauti ndogo na mlio wa ghafla unakwama wenyewe. Ila kwa sauti ndogo bado unapoteza kiasi, hazikuzi kitu, na kwa kelele ya kuendelea zikiwa wazi hazisaidii sana. Na zikikaa vibaya hazikingi chochote. Ile kesi kubwa ya 3M na wanajeshi wa Marekani kuhusu Combat Arms ilihusu plagi za aina hii, madai yalikuwa kwamba zilikuwa fupi zikawa zinalegea sikioni bila mvaaji kujua, na mwaka 2023 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 6 kuyamaliza. Sisemi zote ni mbaya, kwa mtu wa porini anayepiga mara moja ni bora mara mia kuliko sikio wazi, nasema tu uhakikishe zimekaa.

Na sponji pia watu wanakosea kuzivaa. Unaiviringisha iwe nyembamba kabisa, mkono wa upande wa pili unapita juu ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma, unachomeka, unashikilia kama nusu dakika mpaka ivimbe. Nikikuangalia kwa mbele na naona sponji imechungulia nje kama kitunguu basi hiyo NRR 33 yako haipo.

Mlengaji_Mpya

Aisee asanteni sana, nimeelewa kuliko miezi yote ya kusoma matangazo. Basi nimeamua, uwanjani vikombe vyembamba vya jeli na sponji chini yake kwa .308, porini nianze na hivyohivyo, nikiona vinanisumbua ndo nitafute vya kuchomeka. Maswali mawili madogo, betri za kawaida au za kuchaji? Na kuna mtoto wa kaka ana miaka 12 ameanza kufundishwa .22, anaweza kutumia vya wakubwa?

DadaShabaha

Betri mi napenda za AAA kwa sababu unaweka za akiba mfukoni unamaliza, ila msimu ukiisha zitoe, zikivuja ndani zinakula vile vishikizo na kifaa kimekufa. Angalia pia kama inajizima yenyewe, nyingi zinajizima baada ya masaa kama 4, hiyo inakuokoa ukisahau. Mito nayo inazeeka, jasho na jua vinaifanya iwe migumu, ukiona imepasuka au imebonyea nunua seti mpya ya mito, usisubiri.

Mtoto usimpe vya wakubwa kabla hujampima. Vikombe vingine mkanda haupungui kiasi cha kutosha, vinaning'inia tu, na chini kikombe kinagonga taya. Zipo zilizotengenezwa kwa vichwa vidogo. Umvalishe wewe, ufanye lile jaribio la kusukuma kwa mikono, na kwa sababu njia za masikio ya watoto ni nyembamba sponji za kawaida mara nyingi hazimkai, tafuta zilizoandikwa saizi ndogo. Na yeye mwambie mapema kwamba kinga ikisogea aweke bunduki chini kwanza ndo airekebishe, maana watoto wanapenda kuinua mkono mmoja kurekebisha huku mwingine umeshika bunduki.